Nani Apewe Ufunguo wa Maktaba?

Asubuhi na mapema, kabla kengele ya kwanza haijapigwa, watu saba walikuwa wamekwisha kuketi katika benchi ndefu nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu wa shule moja ya upili ya kutwa. Kila mmoja alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, na ndani ya bahasha vyeti vyake. Wanaume walikuwa wanne, wanawake watatu. Walisalimiana kwa adabu, kisha wakanyamaza, kama wafanyavyo watu wanaojua kwamba wamekuja kutafuta kitu kimoja kisichogawanyika. Kazi iliyotangazwa ilikuwa moja tu, kazi ya msaidizi wa maktaba.

Ng'ambo ya uwanja, mkabala na benchi hiyo, maktaba yenyewe ilionekana, na mlangoni pake palining'inia kufuli. Msaidizi wa kwanza alikuwa ameacha kazi akaenda mjini, na tangu siku hiyo ufunguo ulikaa katika mtoto wa meza ya mwalimu mmoja, aliyefungua chumba kila alipopata nafasi. Na nafasi hakuipata mara nyingi. Wanafunzi walizoea kuchungulia dirishani. Mchwa, ambao hawahitaji ufunguo, walikuwa wamekwisha kuingia.

Kazi hii hudharauliwa na wengi. Hudhaniwa kuwa ni kazi ya kukaa kitini, kupiga muhuri wa tarehe na kuwanyamazisha watoto. Kwa hiyo mara nyingi hupewa mtu ambaye hakuna mahali pengine pa kumweka, au ndugu wa mtu fulani anayengojea kazi iliyo bora. Wala si ajabu kwamba baadhi ya maktaba za shule zimekuwa maghala ya vitabu, safi, yamepangwa vizuri, na hayana msomaji.

Dharau hiyo ni ya kusikitisha katika nchi ambayo watu wake walikitafuta kitabu kwa taabu. Maktaba ya McMillan, mjini Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika ajuaye kusoma alipita nje barabarani akiwatazama simba wa mawe walioko mlangoni. Baadaye East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni na vijijini, na kuwaazimisha watu vitabu kwa njia ya posta. Baada ya uhuru ndipo Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoundwa kwa sheria, mwaka 1965. Sanduku la vitabu lilipofika mahali, mambo yote yalitegemea mtu mmoja aliyelipokea. Kama alikipenda kitabu na kuwapenda watu, vitabu vilitembea toka nyumba hadi nyumba. Kama hakupenda, sanduku lilirudi kama lilivyokuja, isipokuwa vumbi.

Basi shule hiyo ilikuwa ikimtafuta mtu wa kulipokea sanduku, na Halmashauri ya Shule ndiyo iliyopaswa kumchagua, kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu huajiri walimu tu, na watumishi wengine wa shule huajiriwa na Halmashauri, kama isemavyo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Ndiyo kusema kwamba wakulima na makarani walioketi katika Halmashauri hiyo, ambao wengi wao hawakupata kufanya kazi katika maktaba hata siku moja, walikuwa na madaraka ya kupima kazi wasiyoijua.

Juma moja kabla ya siku hiyo walikutana ili kushauriana juu ya jambo la kupima. Mwenyekiti, mzee mkulima wa chai, hakuona sababu ya mkutano mrefu. "Tumtafute mwenye cheti kikubwa kuliko wote," alisema, "tuandike jina lake, twende zetu. Chai haijichumi."

Mwalimu wa Kiswahili aliomba ruhusa. "Mzee, cheti chatuonyesha kwamba mtu alifundishwa. Hakituonyeshi kama ataweza kumpa mtoto kitabu."

Mwalimu Mkuu, ambaye ni mama mwenye maneno machache, aliyapatanisha mawazo hayo mawili. Vyeti vitumike kuchagua watakaoitwa. Kazi yenyewe itumike kuchagua atakayeajiriwa. Kila mmoja ataulizwa maswali yale yale kwa utaratibu ule ule, kisha atapewa vitabu avipange, na mwisho ataletewa mwanafunzi amhudumie. Kila mtahini ataandika alama zake katika karatasi yake, wala hatamwonyesha mwenzake mpaka mtu wa mwisho awe ametoka. Kanuni hii ya mwisho haikumpendeza kila mtu, lakini ina maana kubwa. Mzee akisema kwanza, "Huyu ananipendeza," ni nani kati ya vijana atakayempinga? Kumheshimu mzee ni desturi njema, ila mezani hapo heshima yaweza kugeuza watahini watano kuwa mtahini mmoja.

Likabaki jambo moja zito. Mjumbe mmoja alikuwa na mpwa wake miongoni mwa waliokuwa wameitwa. Hakulificha; alisema mwenyewe, akaomba tu atoke nje wakati wa zamu ya mpwa wake, kisha arudi. Mwalimu Mkuu akamwambia kwa upole kwamba hiyo haitoshi, kwa sababu mtu aweza kumsaidia ndugu yake hata kwa kuwapunguzia wengine alama. Mjumbe huyo akakasirika. Siku ya mahojiano hakuja, na nafasi yake ikachukuliwa na mzazi mwingine. Hasira ya namna hiyo hupoa. Lakini kazi iliyotolewa kwa upendeleo huzungumzwa kijijini kwa miaka.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana mwenye suti, na mwenye stashahada ya maktaba. Mwenyekiti akamwambia, "Karibu, mwanangu, keti." Kijana alieleza vizuri habari za kompyuta na za programu iitwayo Koha, iliyotungwa New Zealand na inayotolewa bure kwa maktaba yoyote duniani. Aliyoyasema yalikuwa kweli, na wengine katika meza walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza. Kisha mwalimu wa Kiswahili akamwuliza, "Umeme ukikatika siku mbili, utawaazimishaje wanafunzi vitabu?" Kijana akafikiri kidogo, akajibu kwamba itabidi kungoja umeme urudi. Mwenyekiti akatazama dirishani. Katika sehemu zile umeme hukatika mvua inyeshapo, na mvua hunyesha sana.

Swali hilo hilo aliulizwa mama mmoja wa makamo, ambaye cheti chake kilikuwa kidogo kuliko vyote, naye alikuwa ametunza kabati la vitabu la shule ya msingi kwa kujitolea. Akajibu, "Bwana Mwenyekiti, daftari moja lenye mistari latosha. Jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Umeme ukirudi, nitaingiza katika mashine."

Ndipo wakapelekwa maktaba, mmoja mmoja, wakapewa vitabu kumi vyenye namba mgongoni, wavipange. Msomaji ambaye hajapata kuingia katika maktaba afaa aelezwe namba hizo. Mmarekani Melvil Dewey alizichapisha mwaka 1876, akagawa maarifa yote katika mafungu kumi, toka 000 hadi 999, na kila fungu likagawanywa tena na tena kwa desimali. Kilimo ni 630. Ng'ombe ni 636.2, mbuzi ni 636.39, nguruwe ni 636.4, na kuku ni 636.5. Historia ya Kenya ni 967.62 na ya Tanzania ni 967.8. Hapo ndipo penye mtego. Mtu asiye mwangalifu huona kwamba thelathini na tisa ni nyingi kuliko nne, akaweka mbuzi baada ya nguruwe. Na kwamba sitini na mbili ni nyingi kuliko nane, akaweka Kenya baada ya Tanzania. Lakini desimali husomwa tarakimu moja baada ya nyingine, na tatu huja kabla ya nne, kama vile sita ijavyo kabla ya nane. Kosa hilo laonekana dogo. Hata hivyo kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake katika rafu ni sawa na kitabu kilichopotea, tena ni vibaya zaidi, maana daftari husema kwamba kipo.

Kijana mwenye stashahada aliingia mtegoni kwa Kenya na Tanzania, pengine kwa sababu ya haraka. Yule mpwa wa mjumbe alivipanga vitabu kwa kimo, virefu nyuma na vifupi mbele, vikapendeza kama maua harusini. Bibi mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika maktaba ya chuo alivipanga vyote kumi bila kosa, naye hakutumia hata dakika mbili. Mama wa makamo alisema wazi kwamba namba hizo hazijui. Kwa kuwa tangazo la kazi halikutaja Dewey, watahini walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba asiyejua ataelezwa kwa dakika tano kisha ajaribu. Akaelezwa, akauliza maswali mawili, akapanga tisa sawasawa.

Hao wengine watatu hawakufanya vibaya, wala hawakufanya jambo la kusimuliwa.

Baada ya rafu, akaletwa mwanafunzi. Msichana mdogo alikuwa amefundishwa aseme neno moja tu, "Naomba kitabu cha nyuki," na asiongeze lolote asipoulizwa. Kazi ya maktaba huonekana hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtu ajapo kuomba kitabu ni nadra kusema hasa anachokitaka. Husema neno lililo karibu nacho. Kitabu cha nyuki chaweza kuwa cha elimu ya wadudu, ambacho kimo katika 595.799, au cha ufugaji wa nyuki, ambacho kimo katika 638.1, na rafu hizo mbili haziko pamoja.

Kijana mwenye suti alinyosha mkono akaonyesha rafu ya wadudu, akasema, "Tazama pale." Bibi wa chuoni akauliza kwa sauti kavu, "Jina la kitabu? Mwandishi ni nani?" Mtoto akainamisha kichwa. Mama wa makamo akasogea karibu naye, akamwuliza, "Ni kazi ya darasani, mwanangu, au nyumbani kuna nyuki?" Msichana akacheka, akasema kwamba babu yake ana mizinga, nayo nyuki wamehama, wala hajui kwa nini. Basi wakaenda wote wawili wakavitafuta vitabu viwili, cha wadudu na cha mizinga, na mtoto akaanza kusoma pale pale akiwa amesimama, akasahau kwamba ilikuwa mtihani.

Waliporudi mezani, mzazi aliyekuwa mgeni katika Halmashauri alimwuliza mama huyo swali ambalo halikuwamo katika orodha. "Mama, watoto wako ni wangapi, na je, mume wako amekubali ufanye kazi hii?" Alilisema bila ubaya, kama watu waulizanavyo njiani. Lakini Mwalimu Mkuu alimkatiza. Wanaume wanne walikuwa wameketi katika kiti kile, na hakuna aliyeulizwa kama mke wake amekubali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya kuwa mwanamke, au kuwa na mimba. Na jambo lisiloruhusiwa kuamua, halina haja ya kuulizwa. Mama alitabasamu, akasema yu tayari kujibu. Akaombwa asijibu. Mzazi akaomba radhi, na kazi ikaendelea.

Maswali mawili ya mwisho yalikuwa ya mambo yatokeayo kila muhula. La kwanza lilihusu mtoto aliyepoteza kitabu, na nyumbani kwao hakuna fedha. Mpwa wa mjumbe alisema asamehewe. Bibi wa chuoni alisema asiazimwe tena mpaka alipe. Mama wa makamo alisema deni liandikwe, mzazi apewe habari, na mtoto aje Ijumaa kusaidia kushona na kugundisha vitabu vilivyochanika. Lakini asome humo ndani kila siku kama wenzake, kwa maana kumnyima kusoma hakutarudisha kitabu.

La pili lilihusu mwalimu aliyechukua vitabu vingi tangu mwaka uliopita na hataki kuvirudisha. Hapa mama alisita, akasema atamwomba kwa heshima, na asipoleta atamwomba tena. Jibu lililo bora lilitoka kwa bibi wa chuoni: "Nitamwandikia barua yenye orodha ya vitabu, na nakala yake nitampa Mwalimu Mkuu." Mwalimu wa Kiswahili akakohoa. Ilijulikana baadaye kwamba alikuwa na vinne.

Kila mmoja alipewa pia nafasi ya kuuliza. Wengi waliuliza habari za mshahara, na hilo ni haki yao, wala mtahini hafai kumwona mtu kuwa na tamaa kwa kuuliza atakavyoishi. Mama wa makamo naye aliuliza mshahara, kisha akaongeza, "Maktaba hufungwa saa ngapi?" Akaambiwa saa kumi alasiri, kama ofisi. "Na wanafunzi hutoka madarasani saa ngapi?" Saa kumi alasiri. Watahini wakatazamana. Shule ilikuwa imekuwa na maktaba kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja wao aliyetambua kwamba ilifunguliwa wakati watoto wasipoweza kuingia.

Alasiri karatasi zikafunuliwa. Mwenyekiti alikuwa amempa bibi wa chuoni nafasi ya kwanza, na sababu zake hazikuwa za mchezo: anajua kazi, hataogopa mwalimu, hatapoteza kitabu. Mwalimu wa Kiswahili na Mwalimu Mkuu walikuwa wamempa mama wa makamo. Zilipojumlishwa alama za watahini wote watano, mama alikuwa mbele kwa kidogo tu. Mjadala ukawa mrefu kuliko wa juma lililopita. Mwenyekiti alishikilia kwamba shule isilipe mshahara ili mtu aje kujifunza. Mwalimu Mkuu akamwuliza jambo moja: kati ya hao wawili, ni upungufu wa nani utakaokwisha mwezi huu? Namba za Dewey alikuwa amezifahamu kwa dakika tano. Na ile sauti kavu, nani atakayeifundisha ilainike, na kwa muda gani? Mwenyekiti alikaa kimya, akaomba aonyeshwe tena alama za sehemu ya mwanafunzi. Alipoziona, akasema, "Basi apewe. Lakini muda wa majaribio uwe miezi mitatu, na barua ya kuwadai walimu vitabu iandikwe na Mwalimu Mkuu mwenyewe." Wakakubaliana hivyo.

Hawakumwita siku hiyo. Kwanza walipiga simu kwa watu wawili aliowataja kuwa wadhamini wake, na mmoja wao alieleza kwamba kabati lile la shule ya msingi lilikuwa limepoteza vitabu vitatu tu kwa muda wote alipolitunza, naye alivijua vyote vitatu kwa majina. Tena alitakiwa kuleta cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, kwa kuwa atakaa na watoto chumbani, mara nyingine peke yake. Jambo hili haliachwi, hata kama mtu anajulikana kijiji kizima.

Wale sita wengine waliandikiwa barua, kila mmoja kwa jina lake. Waajiri wengi hawajisumbui kuandika, na waombaji hukaa miezi wakingojea jibu ambalo halitumwi, wakikataa vibarua wakidhani wataitwa.

Siku chache baadaye yule kijana mwenye suti alirudi shuleni, safari hii bila suti. Hakuja kulalamika. Aliomba kuelezwa alikosea wapi. Mwalimu wa Kiswahili akampeleka maktaba, akatoa vile vitabu kumi, akaviweka mezani bila kusema neno. Kijana akavitazama muda mrefu. Kisha akaichukua Kenya, akaitanguliza mbele ya Tanzania, akauliza kama kuna shule nyingine katika wilaya ile ambayo maktaba yake imefungwa. Akaambiwa zipo mbili, akaandika majina yake nyuma ya bahasha.